Wajawazito Wanne

Mwalukonda,
8 Novemba 2024

Kwa Mama Mdogo Eufrasia,

Winnie amekulisha uji sasa hivi. Nilikuwa nimempa mgongo napepeta choroko, nikasikia, "Bibi, fungua mdomo." Kugeuka, amepanda juu ya ndoo amekupaka uji uso mzima kwenye ile kalenda yako. Kalenda yenyewe ni ya 2021, tarehe zake zilishaisha, ila mama hataki itolewe ukutani, anasema huyo ni mdogo wangu na ni diwani. Nimekufuta kwa kitambaa, ila jino moja limefutika. Usikasirike, mjukuu wako ana miaka mitatu na anaamini unakaa humo.

Mwadila mayu, shikamoo mama. Sukari yako imeshuka? Sisi huku hatujambo. Mama bado mguu, anatembea na fimbo, na akikasirika anainyoosha hiyo fimbo, kwa hiyo ni mzima. Dastan, baba Winnie, yuko Mwamanyili kwenye vibarua vya mpunga. Mimi sijambo, ni mgongo tu.

Nimekupigia mara saba kwa simu ya Mwenyekiti Masele, nimepanda mpaka kilimani kwenye mtandao, inaita haipokelewi. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Barua haikatwi. Nyanjige anakuja Bariadi kila wiki kuuza michembe ya viazi, atakuletea mpaka mlangoni na atasubiri jibu. Darasa langu la saba unalijua, nikikosea usicheke.

Mayu, ni lile boma la zahanati. Tulibeba mawe sisi, tukachota maji sisi, tukafyatua tofali sisi, kila kaya. Ukuta umefika kwenye renta, juu ya madirisha, tangu 2022. Ulisema kijiji kikifikisha hapo, halmashauri inapaua na kuleta nesi. Sasa ndani mna majani yamefika kiunoni na mbuzi wa watu wanalala humo. Juzi Masele kasema kwenye mkutano, "Diwani wetu tunamwona kwenye kalenda tu." Watu wakacheka. Mimi nilitazama chini.

Sijasahau ulivyosema kaburini kwa dada Flora, kwamba Mwalukonda itapata zahanati. Hakuna mtu hapa aliyesahau. Muhula wenu unaisha mwezi wa sita, tumesikia redioni. Kabla ya hapo bati zitakuja? Niambie tu zitakuja, mimi nitawaambia wenzangu.

Mwanao,
Salu

—

Bariadi,
2 Desemba 2024

Ng'wanawane Salu, mwanangu,

Barua imefika, na michembe aliyoniongezea Nyanjige nimeipika na karanga. Msalimie dada Apolonia, mwambie mguu auinue juu ya mto akilala, na aache kukaa kwenye baridi asubuhi. Sukari yangu inapanda na kushuka, kama mimi mwenyewe. Jino la kwenye kalenda lisikusumbue, hata la kweli limeshang'oka.

Kuhusu simu, nina vikao vingi.

Kuhusu zahanati, napenda uelewe utaratibu. Baraza la madiwani linakaa kila robo ya mwaka. Kila diwani anawasilisha taarifa ya kata yake. Maboma yako mengi, fedha ni chache, kwa hiyo kuna vipaumbele. Suala la Mwalukonda lipo kwenye mchakato. Ninalifuatilia kwa karibu. Waambie wananchi wawe na subira na wafyeke hayo majani, maana nyoka.

Nimempa Nyanjige sabuni miche miwili na gauni la Winnie.

Mgongo unauma sehemu gani? Ni juu au chini?

Mama yako mdogo,
Eufrasia

—

Mwalukonda,
19 Januari 2025

Mayu,

Wabeja kwa sabuni. Gauni limemkaa vizuri, amelala nalo siku tatu, kulifua mpaka nimvizie. Mvua zimekuja, pamba imeota, tumepalilia mara moja. Mto umejaa. Mama anakusalimu.

Barua yako nilimsomea mama akasema, "Huyu aliyeandika ni Eufrasia au ni ofisi?" Nikamwambia ni wewe, mwandiko ni wako. Akasema mwandiko, ndiyo.

Mayu, kuna maneno. Masele alikwenda kwa mtendaji wa kata akarudi amebadilika sura. Anasema fedha za kupaua zilishatoka tangu mwezi wa kumi na moja, zimekwenda kata nyingine, na kwamba kura zilipopigwa ulinyoosha mkono na wenzako. Kasema mbele ya watu wote kisimani. Mimi nikamwambia, "Mwenyekiti, uliuona huo mkono?" Akasema, "Salu, mkono wa diwani unaandikwa kwenye muhtasari, huna haja ya kuuona." Wanawake wakanitazama mimi kama vile mkono ule ni wangu.

Sikuamini na siamini. Ungekuwa umenyoosha, ungeniambia kwenye ile barua ya Desemba. Niandikie kwamba ni uongo, neno moja tu, nitakwenda nalo kisimani.

Wiki iliyopita mkokoteni uliombeba mke wa Paschal ulirudi kutoka mtoni, maji yamekataa. Amejifungulia chini ya mgunga, mvua inanyesha. Mtoto yupo. Mama yake naye yupo, ila hajaamka vizuri.

Mgongo ni chini. Siku hizi ndoo ananibebea mama mkwe. Ni hivyo tu.

Salu

—

Bariadi,
11 Februari 2025

Salu,

Nimeanza barua hii mara nne. Salamu utazisoma mwisho.

Nilinyoosha mkono.

Sikuandika Desemba kwa sababu niliona aibu, na aibu ya mtu mzima huwa inavaa maneno ya ofisi. Dada Apolonia amenijua tangu tunachunga ndama, hajakosea.

Nikueleze ilivyokuwa. Tuliletewa jedwali. Maboma tisa, fedha za maboma mawili. Mganga mkuu akasema yatapangwa kwa idadi ya wajawazito walioandikishwa kliniki kwa mwaka. Kijiji cha kwanza sitini na mmoja. Cha pili hamsini na nane. Nikashuka na kidole mpaka Mwalukonda. Wanne.

Wanne, Salu. Kijiji cha kaya mia tatu na kumi. Nilikuwa muuguzi miaka ishirini na sita kabla ya kuvaa hili joho la kijani, najua hawawezi kuwa wanne. Nilisimama, nikasema takwimu hizi zina walakini. Mwenyekiti wa baraza akaniuliza, "Mheshimiwa, una nyingine?" Sikuwa na nyingine. Sikuwa nimefika Mwalukonda muhula mzima. Ningesema nini? Nikakaa. Walipoita wanaoafiki, wote wakanyoosha, na mimi nikanyoosha, maana kubaki peke yangu na mkono mapajani niliona ni kujionyesha kwamba nimeshindwa.

Huo ndio ukweli wa kisimani. Masele yuko sawa.

Nyanjige ananiambia siku hizi unafunga khanga juu ya kifua na unapumzika njiani ukitoka kisimani. Sikuulizi. Namwuliza Mungu.

Wasalimie. Winnie mbusu.

Eufrasia

—

Mwalukonda,
16 Machi 2025

Mama Mdogo,

Hatujambo wote. Winnie ana mafua. Dastan ametuma salamu na kilo kumi za mchele.

Nililia siku mbili, nikakukasirikia. Siku ya tatu hasira ikageuka ikanirudia mimi mwenyewe, maana hao wanne tumewatengeneza sisi.

Wewe ni wa huku, unajua. Mimba haitangazwi. Unafunga khanga, unakaa kimya, mpaka tumbo liseme lenyewe. Jicho la mtu ni jicho la mtu. Lakini zamani wachache walikuwa wanakwenda kliniki wakifikisha miezi minne, mitano. Baada ya Flora ikawa basi. Flora ndiye alikuwa wa kwanza hapa kuandikishwa mapema, akaonyesha kadi yake kwa kila mtu, na akafa na mtoto wake kwenye mkokoteni, mto umejaa. Wakasema ni ile kadi, alijianika. Tangu hapo hakuna anayeandikwa mpaka siku ya mwisho, na wengine hiyo siku ya mwisho haiandikwi popote. Kumbe kila anayejificha anapunguza bati moja.

Na mimi nimejificha. Mayu, nina miezi mitano na nusu. Sikukuambia hata wewe uliyenifundisha kuosha mikono. Niliogopa ningesema, tungeanza kumzungumzia Flora.

Basi nikachukua daftari la kaunta nikaanza kwenda nyumba kwa nyumba. Nilianzia kwa Violeth, ana watoto watano na mdomo wa watu kumi. Nikamwambia nataka kuandika wenye mimba. Akasema, "Mume wangu mwenyewe sijamwambia, nikuambie wewe na kalamu ya bluu?" Mama mkwe wake akadakia, "Tumbo siyo choroko, halitangazwi sokoni. Na watu hawahesabiwi kama ng'ombe wa chanjo." Nikakaa chini mbele yao, nikalegeza khanga, nikaandika jina langu la kwanza kabisa, kwa herufi kubwa, wakiona. S ikatoka kama nyoka. Violeth akainama akalisoma. Halafu akasema, "Wewe na marehemu dada yako mna kichwa kimoja. Haya, niandike. Ila kama ni uchawi, tutakufa wawili."

Tumefika thelathini na saba. Siku ya huduma ya mkoba nesi alipokuja na pikipiki chini ya ule mti wa shule, alidhani kuna msiba, kumbe ni foleni. Kadi zikamwishia.

Nakutumia daftari lenyewe. Siyo nakala. Mara nyingine mwenyekiti wako akikuuliza una takwimu nyingine, mfungulie.

Wote wananiuliza mimi, "Salu, sasa tumejianika, bati lini?" Usiniache hapo katikati, mayu.

Salu

—

Bariadi,
28 Aprili 2025

Ng'wanawane,

Daftari limefika likinukia moshi wa jiko lako. Nimefurahi kwa mchele wa Dastan na kwa mafua ya Winnie kupona.

Ijumaa lilikuwa baraza la kawaida la mwisho kabla ya lile la kuvunja. Nilisimama na daftari. Niliacha kusoma idadi, nikasoma majina. Salu, Violeth, Ester, Kabula, nikaendelea. Nilipofika kumi na tisa mwenyekiti akasema, "Mheshimiwa, idadi inatosha, majina si lazima." Nikasema kwa miaka mitano idadi ndiyo iliyotuua. Wakagonga meza. Diwani mmoja aliyekuwa anasinzia akaamka akagonga na yeye.

Halafu mkurugenzi akasoma jibu. Hoja imepokelewa. Bajeti ya mwaka ujao ilikwisha kupita mwezi wa pili na imekwenda juu. Mwalukonda itawekwa kwenye mapendekezo ya baraza litakalofuata.

Litakalofuata, Salu. Baada ya uchaguzi. Bati zenu zipo kwenye karatasi, na mimi muda wangu umeisha. Sitagombea tena.

Sasa nisikilize kama muuguzi. Nesi wa mkoba nimeongea naye. Anasema mtoto wako amekaa, ametanguliza makalio. Wengi hugeuka wenyewe kabla ya mwezi wa tisa, wengine hawageuki. Usijifungulie kijijini. Njoo kwangu mwanzoni mwa Juni, chumba kipo, hospitali ni karibu.

Umeniomba nije huko mara nyingi bila kuniomba. Sitakuja, na leo nakuambia kwa nini. Siku ya Flora walinipigia mimi kwanza. Nilikuwa kwenye kikao cha chama natafuta hii nafasi, simu nimeizima. Kuiwasha nikakuta mara kumi na moja. Tangu hapo namba ya Mwalukonda ikiita, mkono wangu unakufa. Nimewatumikia kwa mbali muhula mzima kwa sababu tangu mazishi siwezi kupita pale mtoni.

Njoo wewe. Tafadhali.

Eufrasia

—

Mwalukonda,
17 Juni 2025, asubuhi

Mayu,

Winnie amekuhamisha. Nimegeuka tu, amepanda kwenye ndoo, amekutoa ukutani, amekukumbatia kalenda nzima na kukimbia na wewe mpaka bomani. Nimemkuta anamwomba mama akutundike kwenye msumari juu ya kitanda. "Bibi aone." Mama amekutundika. Uko hapa juu yangu sasa, una pengo.

Niko bomani ndiyo. Usinigombeze, soma haraka.

Nilitaka kuja kama ulivyosema. Mwanzoni mwa mwezi nilishafunga begi. Violeth akaja akasimama mlangoni, tumbo mbele, akasema, "Haya mwenye mama mdogo, nenda. Sisi uliotuandika tutabaki na kalamu." Hakusema kwa ubaya, ndiyo maana iliniuma. Wanne walikuwa wanatimiza mwezi huu. Nikasema nisubiri hao wanne wajifungue, nije kwako tarehe ishirini. Tukawafukuza mbuzi, tukafyeka, tukapiga deki. Masele kaazima turubai mbili za chama cha ushirika, zile za kumwagia pamba, tumezifunga kwa kamba juu ya chumba kimoja. Jua linapenya kwenye matundu lakini ni paa. Violeth kajifungua hapa Jumamosi, kwa mkunga wa kienyeji, mtoto wa kiume, amemwita Renta. Sikutanii.

Yangu ilikuwa bado wiki mbili. Maji yamevunjika leo alfajiri.

Mtoto hajageuka. Mkunga kaninyooshea mikono kaiangalia kisha kairudisha. Kasema wa makalio hajawahi kumzalisha peke yake, alimwonaga mtu mmoja tu akizalisha hivyo, ni Eufrasia alipokuwa nesi. Gari la wagonjwa Masele amelipigia, limekwenda upande mwingine na halijulikani litarudi saa ngapi. Alitaka anipakie kwenye pikipiki, nimepanda, sikufika hata kisimani, nimeshuka mwenyewe. Mkokoteni upo. Mama kaweka fimbo mbele ya ng'ombe, kasema mtoto wake wa pili hapandi mkokoteni ule.

Kilimani wamekupigia tangu saa kumi na mbili. Haipatikani. Ndipo nikakumbuka ni leo mnavunja baraza. Mnaingia ukumbini mapema, simu zimezimwa. Siandiki hivyo kukuumiza. Naandika kwa sababu simu imekataa na barua haikatwi, nawe mwandiko wangu unaujua.

Nyanjige anakuja amepakizwa na Joakim kwenye pikipiki yake, leo hana michembe, amebeba karatasi hii tu. Ameapa atapita askari wa mlangoni na atakufikia hata kama umevaa joho. Akitoka sasa saa moja, saa nne atakuwa hapo. Mkiondoka papo hapo, saa saba uko hapa. Mkunga anasema saa saba inawezekana, nikikaa kwa ubavu na nisisukume. Nitakaa. Nitauma khanga.

Waache wavunje wenyewe, mayu. Hoja yetu ilishapokelewa. Hakuna anayekudai bati. Nimewaambia wenzangu wote kwamba mama mdogo wangu alisoma majina yetu mbele ya watu wakubwa, mmoja mmoja, na wakatoka hapo wanatembea wima. Hiyo umeshaifanya. Sasa nahitaji mikono yako tu, hata ule unaokufa simu ikiita, uje hivyo hivyo.

Mto umekauka. Ni mchanga mtupu, pikipiki inapita katikati. Ukifika pale usisimame. Usitazame kulia wala kushoto, mtazame Joakim mgongoni mpaka mpande kingo. Mimi nitakuwa nimeshamtuma mama akusubiri upande wa huku na fimbo yake.

Lete glavu, na mkasi wako ule wa zamani, na

umepita, uchungu. Ulikuwa mkubwa. Winnie ananipuliza usoni kama moto wa jiko, anadhani ndivyo inavyopoa. Jina langu ndilo la kwanza kwenye daftari na la Flora lilikuwa la kwanza kwenye kadi. Mwanzoni niliwaza hilo. Sasa nawaza kwamba chini yangu kuna thelathini na sita, na wanakuangalia utakuja au hutakuja, na mimi ninawaambia utakuja. Sijawahi kukuona mwongo isipokuwa kwenye ofisi.

Joakim anawasha pikipiki, Nyanjige ameshapanda. Mama anaita, "Salu! Salu, leta hiyo karatasi, anaondoka!"

Nakuja mama. Mayu, ukifika usipitie nyumbani, njoo moja kwa moja bomani, na kama utakuta nime